Kabla ya Nyundo, Piga Hodi

Mwanangu, kaa hapa barazani. Umeachiwa nyumba ya bibi yako humu Mji Mkongwe wa Zanzibar, una mke na watoto watatu, na nyumba ni vyumba vinne vilivyobanwa kati ya jirani wawili. Unataka kuipanua. Nia yako ni njema. Haya nimeshawaambia wengi hata sauti imechoka, lakini wewe nitakuambia tena, taratibu.

Kwanza uijue nyumba. Ukuta huu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Ukivunja ukuta wa kati upate sebule pana, boriti za juu zitalalia nini?

Kisha uyaogope maji. Paa linalovuja, bomba lililofukiwa ukutani, bafu lililowekwa bila mpango: maji yanaifuata ncha ya boriti iliyozama ukutani, pale usipopaona, inaoza kimyakimya, halafu dari inashuka. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Usilipandishe juu ya boriti zilizozeeka. Liweke chini uani. Vyoo vipange kimoja juu ya kingine, na mabomba yapite nje ya ukuta, yakivuja uyaone siku hiyo hiyo.

Sasa saruji. Nilipokuwa mwashi kijana, mwenye nyumba mmoja alitaka kuta zing'ae haraka, nami nikampigia lipu ya saruji. Nilijua haifai, nikaona haya kumkatalia. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji iliufungia ndani pamoja na chumvi. Haikupita miaka mingi lipu ikabanduka mapande mapande, na nyuma yake udongo ulikuwa umelainika kama uji. Mpaka leo nikipita uchochoro ule nainamisha kichwa. Nondo nazo zikikutana na chumvi hiyo hushika kutu, huvimba, hupasua jiwe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kweli, lakini ufa wa nyumba hii usiuzibe kabla hujajua umetoka wapi. Hata jumba la Beit al-Ajaib alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 lilikuwa na mafundi ndani yake, likikarabatiwa, lilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakafa. Ikiwa jumba lile lilianguka mikononi mwa mafundi, kajumba kako kanataka subira zaidi.

Nafasi ipo, mwanangu. Anza kwa kuondoa mbao na matofali waliyoongeza wapangaji wa zamani. Utashangaa chumba kilivyokuwa. Zidaka za ukutani zitabeba vitabu vya watoto. Ukihitaji chumba juu, kiwe chepesi, cha mbao na bati, wala usimwage zege. Nenda kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe ukaombe kibali. Usiione ofisi hiyo kuwa kikwazo. Mji huu uliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kila nyumba inayoharibiwa inaupunguza.

Na dirisha jipya lisichungulie uani kwa jirani. Bi mkubwa wa upande wa pili amejisitiri humo kwa zaidi ya miaka hamsini.

Jirani huyo ndiye aliyenifanya nikuite. Ukuta wa upande wake unaotaka kuuchimba ni wenu nyote wawili. Boriti zako zimeushika upande huu, zake zimeushika upande ule. Ukiulegeza kwako, anayelala chini ya dari ile ni yeye. Kesho asubuhi, kabla fundi hajanyanyua nyundo, mchukue mkeo mwende kwake. Pigeni hodi, mkae, mumweleze mnalotaka kufanya, na mumwombe awaonyeshe ukuta ulivyo kwa upande wake.