Sikio Hutangulia Jicho

Mvua ya Aprili ilinikuta mjini Kisii nikitoka soko la Daraja Mbili na mkungu mdogo wa ndizi. Aliyezaliwa huku hahitaji saa kujua mvua itafika lini. Mawingu huanza kupanda asubuhi kutoka upande wa Ziwa Victoria, yakatufikia vilimani baada ya chakula cha mchana, na ikigonga saa kumi watu hawasikilizani chini ya mabati. Nilikimbilia kibanda cha gemu ambamo mpwa wangu hushinda siku hizi akisubiri kuitwa chuoni. Ndani mlikuwa na televisheni sita. Tano zilionyesha mpira, na vijana waliozizunguka walikuwa na kelele za uwanjani. Ya sita, pembeni, haikuwa na mshangiliaji. Mpwa wangu alikaa peke yake mbele yake, mgongo umenyooka, pedi mapajani, macho ameyalegeza kama mtu anayesikiliza mahubiri.

"Karibu ukae, anko. Ngoja nimalizane na huyu."

Huyu alikuwa Genichiro Ashina, bwana wa kisamurai anayelinda orofa ya juu ya ngome yake. Mchezo wenyewe unaitwa Sekiro: Shadows Die Twice. Uliundwa na FromSoftware ya Tokyo chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, ukatoka Machi 2019, na Desemba ya mwaka huo ukatangazwa mchezo bora wa mwaka katika tuzo za The Game Awards. Mchezaji anapelekwa Japani ya karne ya 16, zama za mabwana kupigana bila kikomo, akavikwa mwili wa mpiganaji aliyekatwa mkono wa kushoto na kuwekewa wa bandia. Upanga anao, ila kukata peke yake hakumfikishi mbali. Anashinda kwa kuukutanisha upanga wake na wa adui katika nukta ileile pigo linapotua. Akiwahi mno, anazuia tu na kuanza kuyumba. Akichelewa, anajeruhiwa. Akiipata nukta yenyewe, chuma kinalia kwa mlio mkali usiofanana na ule wa kuzuia kwa kubahatisha, cheche zinaruka, na anayeyumba ni adui. Halafu pigo la pili linakuja, la tatu, mawili ya harakaharaka, kimya kifupi, na moja zito. Kumshinda adui ni kuujua mwendo wake kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Niseme wazi kwamba damu ya mchezo huu si ndogo. Umewekewa alama ya watu wazima, na mpwa wangu ana miaka 19. Mtoto wa darasa la nne nisingemkalisha pale.

Wiki nzima Genichiro alikuwa amemwangusha. Siku ile nilimwona akijibu mapigo tisa mfululizo, ting, ting, ti-ting, bila kukosa hata moja. Nikamwuliza amepata wapi kasi hiyo.

"Si kasi, anko. Niliacha kuangalia upanga. Sasa nasikiliza."

Alilisema kama jambo dogo, akaendelea kucheza. Mimi nilibaki nalo. Nje umeme ulimulika ukuta mzima, nikahesabu kimoyomoyo kama tulivyofundishwa utotoni: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Ngurumo ikafika. Sauti huchukua kama sekunde tatu kusafiri kilomita moja, kwa hiyo ule umeme ulipiga kilomita mbili hivi kutoka pale. Mwanga wake ulikuwa umefika zamani, kwa sababu mwanga hukimbia kilomita karibu 300,000 kwa sekunde moja. Huko angani hakuna mashindano. Nuru hutangulia na sauti hufuata nyuma ikikokota miguu.

Lakini mwenye kupanga mambo haya aliyapanga kinyume ndani ya kichwa cha mwanadamu. Mtu akiambiwa abonyeze kitufe mara aonapo taa, hutumia karibu milisekunde 200, yaani sehemu 200 za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Akiambiwa abonyeze asikiapo mlio, hutumia kama 160. Sikio linamtangulia jicho. Sababu yake ni ya ajabu kwa namna ilivyo rahisi. Nuru ikiingia jichoni hukuta kemia: molekuli moja inabadilika umbo, inaiamsha nyingine, nayo nyingine, mpaka ujumbe upatikane. Ni ngazi ndefu, ingawa inapandwa upesi. Sauti hukuta mlango. Ngoma ya sikio inatikisika, inasukuma vifupa vitatu, na cha mwisho, chenye umbo la kikanyagio cha tandiko la farasi na urefu wa milimita tatu hivi, ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Kinabisha kwenye umajimaji wa sikio la ndani, na humo seli zipatazo 15,000 zimesimamisha vinywele vyao vikisubiri. Kinywele kikiinama, kinavuta uzi mwembamba mno, na uzi unafungua tundu. Basi. Hakuna kemia ya kusubiriwa kabla ya mlango kufunguka. Sikio hilohilo, likishirikiana na mwenzake wa upande wa pili, linaweza kupambanua kwamba sauti imefika kulia kabla ya kushoto hata kama tofauti ni sehemu kumi za milioni ya sekunde. Ndiyo maana mama akiwa jikoni hujua mtoto analia chumba gani.

Nilitazama vichwa vya wale vijana wa mpira, vingine vimenyolewa, vingine vina rasta, nikaona haya kidogo mbele za Mungu. Nimeishi na masikio mawili miaka hamsini na nne bila kuyashukuru hata siku moja.

Bado hata milisekunde 160 hazitoshi. Pigo la tatu la Genichiro likifuata la pili kwa kasi ile, kidole kinachongoja kusikia ndipo kianze safari kitafika msiba umekwisha. Kwa hiyo kidole hakingoji. Wanaochunguza mambo haya wamewapa watu mdundo usiobadilika na kuwaambia wagonge meza pamoja nao, na wakaona jambo ambalo wagongaji wenyewe hawakulijua: vidole vyao hutua kabla ya mdundo, kwa milisekunde kumi au zaidi, hali kila mmoja akiapa kwamba amegonga sawasawa nao. Mwili umepewa uwezo wa kwenda kuulaki wakati njiani. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanyika nyuma ya kichwa, chini, katika serebelamu, ambayo ina uzito wa kama sehemu moja ya kumi ya ubongo wote, lakini imebeba seli za neva karibu bilioni 69 kati ya bilioni 86 tulizonazo.

Nikaikumbuka Tabaka.

Ukishuka kusini kutoka mjini kwenda South Mugirango utafika kwenye machimbo ya jiwe la sabuni, jeupe, la waridi, la kijivu, ambalo vinyago vyake vimefika karibu kila duka la watalii katika nchi hii. Watu wengi hukijua kinyago kikishang'arishwa. Wachache wameona kinavyoanza. Huanza na panga. Niliwahi kuketi saa nzima karibu na mzee mmoja aliyeshika bonge la jiwe kwa mkono wa kushoto na panga kwa wa kulia, akilikata huku akizungumza nami habari za bei ya mahindi. Tak, tak, tak-tak, na vipande vinaruka. Mkono wa kushoto unalizungusha jiwe katikati ya pigo na pigo, na vidole vinapita mahali ambapo panga litashuka muda mfupi baadaye. Sikuweza kuvumilia kutazama. Nikamwuliza haogopi vidole. Akasema hatazami vidole. Alisimamisha panga hewani, akaligonga jiwe kwa ubapa wake, akainamisha kichwa, akaligonga tena mahali pengine, halafu akalitupa kando akachukua lingine. Lile la kwanza lilikuwa na ufa ndani. Mimi niliona jiwe zima kabisa. Yeye alikuwa amelisikia.

Baada yake wanawake hukaa na ndoo za maji wakisugua vinyago kwa msasa, na msasa nao una wimbo wake, shii-sha, shii-sha, wote kwa pamoja bila mtu wa kuwahesabia. Kati ya mzee wa Tabaka na mpwa wangu kuna miaka hamsini na bahari moja ya tofauti, lakini naamini ni zawadi moja iliyotiwa katika mikono miwili.

Wajapani wenyewe waliliona hili mapema. Miyamoto Musashi, samurai aliyekuwa na sifa kuliko wote kwa upanga, aliandika kitabu chake cha pete tano karibu na kifo chake mwaka 1645, na humo alieleza kwamba kila jambo lina mwendo wake wa mapigo: ngoma, muziki, biashara, vita, na kwamba anayetaka kushinda aujue kwanza mwendo wa mwenzake. Mtu aliyeishi kwa makali ya chuma aliwaweka wapiga ala mstari mmoja na wapiganaji. Angemsikia mpigaji wa obokano, nadhani angekaa. Obokano ni zeze letu kubwa la nyuzi nane, chombo kikubwa kuliko ndugu zake wote wa aina hiyo Afrika Mashariki, chenye tumbo la bakuli lililowambwa ngozi. Nyuzi zake hugusa mwili wa chombo zikitetemeka, hivyo sauti yake huvuma kama nyuki waliofungiwa mtungini. Mzee mpigaji akianza, watu waliokuja kwa mazungumzo yao husita katikati ya neno. Miguu ndiyo hujua kwanza, kichwa kinaarifiwa baadaye.

Lakini miguu ilifundishwa na nani? Mwaka 2009 mtafiti István Winkler na wenzake huko Hungaria waliwasikilizisha mdundo wa ngoma watoto wachanga wa siku mbili tatu, wakiwa usingizini. Kila baada ya muda waliliondoa pigo lile zito ambalo wimbo hukanyagia. Bongo za watoto wale zilishtuka, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakosa kidato. Walikuwa na siku chache tu duniani, na tayari walijua pigo gani limekosekana. Mwaka huohuo ilithibitishwa kwamba kasuku mmoja mweupe wa Marekani aliyeitwa Snowball aliweza kucheza kwa kufuata muziki ukiharakishwa au ukipunguzwa kasi, uwezo ambao hata sokwe, anayetukaribia kwa sura, hajapewa kwa kiasi hicho. Muumba hugawa kwa jinsi apendavyo, akampa ndege alichompunguzia sokwe.

Nyanya yangu, mtu wa Keroka, alilea watoto tisa mgongoni huku akisaga wimbi kwenye jiwe. Zamani nilidhani alikuwa akifanya kazi mbili kwa sababu ya umaskini wa nafasi. Sasa nafikiri juu ya kile kichwa kidogo kilicholazwa kati ya mabega yake, moyo wake ukidunda upande huu wa sikio, na jiwe likienda na kurudi upande ule.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mpwa wangu alinionyesha. Mchezaji mwenye hofu hubonyeza kitufe mfululizo, akitumaini kwamba katika mibonyezo kumi mmoja utakutana na pigo. Mchezo umewekwa hivi: ukifanya hivyo, ile nafasi ya kulikuta pigo inazidi kuwa nyembamba. Lazima uachie. Lazima kuwe na kimya kabla ya kila mlio. Nilicheka kwa furaha nilipolisikia, kwa sababu mji wa Kisii unalijua hilo kwa njia yake. Waadventista ni wengi huku tangu enzi za wamisheni wa kwanza wa Nyanchwa, na Jumamosi ukipita mitaani utakuta milango mingi imefungwa, ukiwemo wa kile kibanda, na nyimbo za kwaya zikitoka makanisani kutoka kilima hiki hadi kile. Siku sita za kelele, na moja imeachwa wazi. Hata moyo, unaodunda mara kama 100,000 kwa siku, hupumzika kati ya pigo na pigo. Katika pumziko hilo ndimo damu nyingi hupita kuulisha moyo wenyewe.

Pambano lilikuwa limefika mwisho. Genichiro alivua mavazi ya vita, mawingu yakatanda juu ya ngome, akaanza kupigana kwa umeme. Mpwa wangu alinieleza bila kuondoa uso kwenye kioo: umeme ukikupata miguu ikiwa chini, umekwisha. Ukiruka, ukaupokea hewani na kuupiga kwa upanga kabla hujagusa ardhi, unamrudia aliyeutuma. Nikamwambia sisi wa huku tunaujua umeme. Kila mtaa una mti uliopasuliwa, na kila familia ina jirani aliyefukiwa baada ya mvua ya alasiri. Hakuna mtu awezaye kuurudisha ulikotoka. "Najua, anko," alisema polepole. Mwanafunzi mwenzake mmoja alipotea hivyo wakiwa kidato cha pili.

Akaruka. Upanga uliojaa umeme ulizunguka juu ya kichwa chake.

Stima ikakatika.

Televisheni zote sita zilizimika pamoja, na wale wa mpira wakaguta kwa sauti moja. Kisha hapakuwa na sauti ila mvua juu ya bati. Umeme ulimulika mlangoni, ukatuonyesha sote kwa nukta moja, vinywa wazi, mkungu wangu wa ndizi sakafuni. Mtu mmoja gizani akaanza kuhesabu, wa pili akamfuata, na punde kibanda kizima kilikuwa kikihesabu pamoja kama shule ya Sabato: moja, mbili, tatu. Karibu yangu nilisikia kitu chepesi kikigonga plastiki. Kilikuwa kidole cha mpwa wangu juu ya pedi iliyokufa, kinaenda na hesabu, na kila mara kilitua kabla kidogo ya sauti zetu.