Majahazi ya Matofali

Mto Sukhona, huko kaskazini mwa Urusi, una tabia ambayo ukisimuliwa utadhani imetiwa chumvi. Theluji inapoyeyuka, mito inayomwaga maji karibu na chanzo chake hufurika kupita kiasi, na kipande cha juu cha Sukhona hugeuka kikarudi kinyumenyume hadi ziwa Kubenskoye, ziwa lililouzaa. Baada ya siku kadhaa mto hutulia, hushika njia yake ya kaskazini-mashariki, hukutana na mto Yug, na hapo ndipo inapozaliwa Dvina ya Kaskazini iendayo Bahari Nyeupe.

Ukiufuata mto huo, katika mkoa wa Vologda, utaikuta Totma. Ni mji mdogo: wakazi wake hawafiki 10,000, reli haijawahi kuufikia, na kutoka hapo hadi bahari iliyo karibu ni mamia ya kilomita za misitu. Warusi husimulia kwamba Tsari Petro Mkuu alipopita pale aliona matope na vibanda, akasema huu si mji, ni giza. Kwa Kirusi maneno hayo yanakaribiana na jina lenyewe. Hadithi tamu, lakini njia ya mwongo ni fupi. Totma imetajwa katika hati ya Novgorod ya mwaka 1137, zaidi ya miaka 500 kabla Petro hajazaliwa.

Kilichoulea mji ni chumvi. Watu wa Totma waligundua kwamba chini kabisa ya udongo wao kuna maji ya chumvi, na wakajifunza kuyafuata. Walichukua gogo nene, wakalitoboa katikati kutoka mwanzo hadi mwisho, wakalisimamisha ardhini kama bomba. Ndani yake wakashusha patasi ya chuma, wakapiga, wakaivuta, wakatoa tope, wakapiga tena. Kisima kimoja kiliweza kula miaka kabla ya tone la kwanza la maji chumvi kupanda. Na hapo kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, kwa maana maji hayo yalichemshwa katika masufuria mapana ya chuma, kuni zikiteketea usiku na mchana, mpaka chumvi ibaki chini nyeupe. Katika karne ya 17 waliandika hata kitabu cha mwongozo wa uchimbaji huo, hatua kwa hatua, ili ujuzi usizikwe na mafundi. Nawaheshimu sana watu hawa. Subira yavuta heri. Wao waliivuta kwa kamba, kutoka chini ya mwamba.

Kisha wajukuu wa wachimba chumvi wakaenda baharini. Jinsi walivyokwenda ndiyo inayostaajabisha: walikatiza Siberia nzima, wakafika pwani ya Okhotsk, wakaunda vyombo, wakavuka hadi visiwa vya Aleuti kutafuta ngozi za mbweha na za fisimaji wa baharini. Safari moja ilichukua miaka. Aliyerudi alirudi na mali, na mali hiyo aliishusha kwao. Ndugu wawili wafanyabiashara, Grigory na Pyotr Panov, walitoa fedha za kujenga kanisa la Kuingia Yerusalemu, lililojengwa kati ya 1774 na 1794. Ni refu, jembamba, limesimama juu ya mji kama jahazi lililotweka tanga. Mapambo ya kuta zake hayakubandikwa kwa lipu: fundi aliyapanga kwa matofali yenyewe, yakachomoza ukutani katika umbo la fremu zenye mikunjo. Wapo wasemao fremu hizo ziliigwa kwenye pembe za ramani za mabaharia. Leo ndani yake kuna makumbusho ya wasafiri wa bahari. Mwaka 1780 Malkia Catherine wa Pili aliupa mji ngao yake: mbweha mweusi juu ya dhahabu.

Kuna msemo wetu: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nauelewa zaidi ya wafanyabiashara wanavyouelewa. Daftari lina kurasa mbili, na Totma, kama miji mingi iliyotajirika kwa vya mbali, ilihifadhi vizuri ukurasa mmoja: nani alileta, kilijengwa nini, mwaka gani. Ukurasa wa pili uko kule visiwani. Wawindaji wa Kirusi waliwashika mateka wake na watoto wa Waaleuti ili wanaume waingie majini kuwinda kwa niaba yao. Waaleuti walipoasi, mwanzoni mwa miaka ya 1760, waliadhibiwa kwa mauaji. Na yuko nguva mkubwa wa visiwa vya Komanda, mnyama mpole mwenye uzito wa tani kadhaa, aliyeelezwa na mtaalamu wa viumbe Steller mwaka 1741. Vyombo vilivyoelekea mashariki vilitia nanga hapo kujaza nyama. Chovya chovya humaliza buyu la asali: kufikia 1768 hakubaki hata mmoja duniani.

Nasema haya bila kuwachukia watu wa Totma. Mji ule ungeweza kuzitawanya fedha zile katika kamari na anasa za miji mikubwa; badala yake uliziweka mahali ambapo mjane na mchimba chumvi wangeweza kuinua macho wakaona uzuri. Hilo ni jema, na jema halifutwi. Lakini hata kovu halifutwi kwa kulijengea kanisa.

Mmoja wa hao waliokwenda mbali ni Ivan Kuskov, aliyezaliwa Totma mwaka 1765. Alitoka kijana, akafika Alaska, na mwaka 1812 akajenga ngome ya Ross huko California, katika ardhi ya watu wa Kashaya. Aliiongoza hadi 1821, na wawindaji wa kutoka Alaska walikuwa naye. Lugha ya Kashaya hadi leo ina maneno yaliyotoka Kirusi. Mwaka 1823 Kuskov alirudi kwao, mzee aliyechoka, akafa mwaka huohuo. Nyumba yake ya mbao ni makumbusho.

Hakurudi peke yake. Alikuja na mkewe Yekaterina, mwenyeji wa upande ule wa Amerika, ambaye ghafla alijikuta mjane katika mji wa theluji. Laiti angepatikana mtu wa kukaa naye jikoni jioni moja ya baridi, mto umeganda nje, akamwuliza kwao palikuwaje kabla meli hazijaja, kisha akanyamaza na kuandika.