Ubingwa wa Walioshindwa

Swali la nani anastahili alichokipata ni la kale katika falsafa ya maadili, na kwa kawaida huficha ndani yake maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni la haki ya kikanuni, yaani iwapo mtu amekipata kitu kwa kufuata taratibu zilizowekwa mapema na kukubaliwa na wote wanaohusika. La pili ni la ustahili, yaani iwapo uwezo, jitihada au mwenendo wake unatosha kuwa sababu ya kitu hicho kumwendea yeye na si mwingine. John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu nadharia ya haki, aliutumia mchezo kuonyesha tofauti hiyo: watu wanaweza kukiri baada ya mechi kwamba upande ulioshindwa ndio uliostahili kushinda, na bado asipatikane hata mmoja kati yao anayedai kombe lihamishwe. Michezo huyaweka maswali haya mbalimbali kwa uwazi ambao ni nadra kuonekana mahakamani, sokoni au katika siasa, na kwa sababu hiyo msimu wa 2024 wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, ambapo timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, maarufu kama Ohio State, ilitawazwa kuwa bingwa baada ya kushindwa mara mbili, unastahili kuchunguzwa hata na msomaji asiyeujali mchezo wenyewe.

Futiboli ya Marekani iko karibu zaidi na raga kuliko soka. Kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, ambayo ikiyamaliza bila kufika, mpira huchukuliwa na wapinzani. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la adui, kitendo kinachoitwa tachidauni, huleta alama 6, na kuupiga kwa mguu ukapita katikati ya milingoti miwili huleta alama 3. Vyuo vikuu hucheza mchezo huu mbele ya umati ambao timu nyingi za kulipwa duniani zingeutamani, na kwa miongo mingi bingwa wa nchi alipatikana hasa kwa kura za waandishi na makocha, utaratibu ulioacha ugomvi karibu kila mwaka. Kuanzia msimu wa 2014 kamati maalumu ilianza kuchagua timu nne na kuziingiza katika mtoano, na katika msimu wa 2024 idadi hiyo ikapanda hadi 12, huku timu nne zilizopangwa juu zaidi miongoni mwa mabingwa wa makundi ya vyuo zikipewa nafasi ya kuruka raundi ya kwanza.

Mabadiliko hayo yana uzito mkubwa wa kifalsafa kuliko inavyodhaniwa. Katika orodha ya mwisho ya kamati, Notre Dame ilishika nafasi ya 5 na Ohio State ya 6, kwa hiyo lau idadi ya timu ingebaki nne kama mwaka uliotangulia, zote mbili zingeutazama mtoano kwenye televisheni. Lakini ndizo zilizokutana katika fainali, na zile nne zilizopewa mapumziko, yaani Oregon, Georgia, Arizona State na Boise State, zote ziliangushwa katika mechi yao ya kwanza. Wanaosema kwamba Ohio State ilithibitisha uwanjani kwamba ilistahili ubingwa wanasahau kwamba uwanja wenyewe ulifunguliwa kwa uamuzi wa kikao, uliochochewa kwa kiasi kikubwa na thamani ya haki za matangazo, na kwamba timu za miaka iliyopita zilizokuwa na nguvu sawa na hiyo hazikupewa mlango wa kuingilia. Haki ya kikanuni ya Ohio State haina doa. Ustahili wake, kama upo, hauwezi kuwa ulizaliwa na kikao hicho, kwa kuwa tabia na uwezo wa watu havibadiliki kwa sababu nafasi zimeongezwa kutoka nne hadi 12.

Ugumu wa njia yenyewe ulianzia nyumbani. Tarehe 30 Novemba 2024, mjini Columbus, Ohio State ilipokea wageni kutoka Michigan, mahasimu wake wa zaidi ya karne moja, ambao msimu huo walikuwa wameshapoteza mechi 5 kati ya 11 na hawakutarajiwa na mtu yeyote makini kushinda. Mipira miwili ya Ohio State iliyopigwa kuelekea milingotini ilikosa, na zikiwa zimesalia sekunde 45 Michigan ikapata alama 3 zilizoamua mechi kwa 13–10, kipigo cha nne mfululizo kutoka kwa adui yule yule. Wageni walipojaribu kuisimika bendera yao katikati ya uwanja ugomvi ukazuka, polisi wakatumia dawa ya kuwasha macho, na kocha wa Ohio State, Ryan Day, ambaye rekodi yake kwa ujumla ilikuwa ya kuonewa wivu, akaanza kuzungumziwa kama mtu wa kufukuzwa. Siku 51 baadaye alikuwa bingwa wa nchi.

Katikati ya siku hizo timu yake iliishinda Tennessee 42–17, kisha ikaikabili Oregon mjini Pasadena siku ya mwaka mpya wa 2025. Oregon haikuwa imepoteza mechi hata moja, na mwezi Oktoba iliifunga Ohio State 32–31 katika mechi ambayo mwishoni mwake Oregon ilikuwa na wachezaji 12 uwanjani, kosa lililoigharimu yadi 5 tu lakini likawalia wapinzani sekunde ambazo hawakurudishiwa, hadi wenye kanuni wakalazimika kutoa ufafanuzi mpya ndani ya siku chache. Safari hii Ohio State ilifikisha 34–0 kabla ya mapumziko na kumaliza 41–21. Mtu mwenye hamu ya kuiona haki ikitendeka duniani angependa kuishia hapo na kusema kwamba hila ya Oktoba ililipwa Januari. Lakini mechi iliyofuata inamzuia.

Tarehe 10 Januari, katika nusu fainali huko Arlington, Ohio State iliiongoza Texas kwa 21–14, na Texas ikaufikisha mpira hadi yadi 1 tu kutoka kwenye mstari wa kufungia. Katika jaribio la pili, badala ya kupenya katikati, Texas ilijaribu kuzunguka pembeni na kurudishwa nyuma yadi 7. Jaribio la tatu likaharibika. Na katika la nne, ambalo ndilo la mwisho, Jack Sawyer wa Ohio State alimfikia Quinn Ewers, kwotabeki wa Texas, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, akaupangua mpira mkononi mwake, akaudaka, na kukimbia nao yadi 83 hadi upande wa pili. Wawili hao waliwahi kuishi chumba kimoja mwaka 2021, Ewers alipokuwa bado mwanafunzi wa Ohio State. Hakuna anayeweza kusema kwamba Sawyer hakustahili sifa kwa kitendo kile, kwa kuwa nguvu, mbinu na utulivu vilikuwa vyake. Hata hivyo, kama Texas ingechagua njia nyingine katika jaribio la pili, inawezekana kabisa nafasi ya kuyaonyesha hayo yote isingetokea, na Sawyer angebaki mtu yule yule, mwenye sifa zile zile, akiwa ametolewa.

Jambo hili ndilo ambalo Bernard Williams na Thomas Nagel, katika mjadala wao wa mwaka 1976, walilipa jina la bahati ya kimaadili, wakimaanisha kwamba watu hupewa sifa na lawama kwa matokeo ambayo sehemu yake kubwa haikuwa mikononi mwao. Wao walishughulikia makosa mazito zaidi, kama ya dereva mzembe anayegonga mtu na mwenzake mzembe vilevile asiyekuta mtu barabarani, ila muundo wa hoja ni ule ule. Katika fainali ya tarehe 20 Januari mjini Atlanta, Ohio State ilipata alama 31 mfululizo baada ya Notre Dame kutangulia kwa 7, ikaacha uongozi huo upungue hadi 31–23, na ikaupata utulivu pale tu kwotabeki wake, Will Howard, alipomrushia mwenzake Jeremiah Smith mpira wa yadi 56 na mpigaji akaongeza alama 3 zikiwa zimesalia sekunde 26. Mpigaji huyo ni yule aliyekosa mara mbili dhidi ya Michigan. Mguu ulikuwa mmoja.

Wapo wanaojibu kwamba ugumu wenyewe ndio uthibitisho. Seneca, Mrumi wa karne ya kwanza aliyefuata falsafa ya Kistoa, inayofundisha kwamba wema wa mtu ndio mali pekee isiyoweza kunyang'anywa, aliandika juu ya majaliwa kwamba Mungu huwapa mazoezi makali wale anaowapenda, na kwamba mpiganaji wa kweli huona aibu kupangiwa mpinzani dhaifu. Fundisho hili lina heshima yake, na makocha wengi hulihubiri bila kujua limetoka wapi. Udhaifu wake ni kwamba linasomwa kutokea mwisho kurudi mwanzo. Arizona State, iliyotabiriwa kushika mkia katika kundi lake kabla ya msimu kuanza, ilitwaa ubingwa wa kundi hilo na kutolewa na Texas kwa 39–31 baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Taabu yake haikuwa ndogo kuliko ya Ohio State, lakini hakuna anayeiita njia yake maandalizi ya Mungu, kwa sababu haikufika popote ambapo kamera zilikuwa zikisubiri. Taabu huitwa mtihani kwa aliyefaulu, na kwa aliyefeli huitwa msimu mbaya.

Kwa waumini suala hili haliwezi kuachiwa wanafalsafa peke yao, na fainali ile ililileta waziwazi. Mwezi Agosti 2024 wachezaji kadhaa wa Ohio State waliongoza ibada ya wazi chuoni kwao ambapo wanafunzi walibatizwa, na katika mtoano wote hawakuacha kumtaja Kristo mbele ya vipaza sauti. Upande wa pili ulikuwa Notre Dame, chuo cha Kikatoliki kilichoanzishwa mwaka 1842, ambacho maktaba yake ina picha kubwa ya Kristo aliyeinua mikono, inayoonekana kutoka uwanjani na kufanana, kwa bahati tu, na ishara ya mwamuzi anapoidhinisha tachidauni. Kocha wake, Marcus Freeman, aliyewahi kuichezea Ohio State na ambaye alikuwa kocha mkuu mweusi wa kwanza kufika fainali hiyo, alipokewa katika Kanisa Katoliki mwaka 2022. Kama sala ya kuomba ushindi hujibiwa kwa ushindi, basi kati ya sala mbili za dhati moja lazima ilikataliwa, na aliyekataliwa ana haki ya kuuliza kwa nini.

Uislamu ulikutana na swali hili katika hali nzito mno kuliko mchezo. Waislamu waliposhinda katika vita vya Badr mwaka 624 waliuona ushindi ule kuwa msaada wa Mwenyezi Mungu, na waliposhindwa Uhud mwaka uliofuata ilibidi waelewe jinsi watu wale wale, wenye imani ile ile, walivyoweza kuangushwa. Qurani, katika aya ya 140 ya Surat Al-Imran, inaeleza kwamba siku za namna hiyo huzungushwa baina ya watu, na kwamba katika mzunguko huo imani hudhihirika. Aya hiyo haisemi kwamba mshindi wa siku ndiye mpendwa wa siku. Katika Biblia, Mhubiri, katika sura ya 9, anakataa kwamba mbio huwaendea wenye kasi tu, na Yesu, katika Mathayo 5:45, analihesabu jua na mvua kuwa vya wema na waovu kwa pamoja. Mafundisho haya hayalingani katika kila jambo, lakini yote yanaifunga njia ya kusoma matokeo ya uwanjani kama hati ya upendeleo wa mbinguni.

Hilo halimfanyi mchezaji anayemshukuru Mungu kuwa mjinga, na dhihaka anazopata kutoka kwa wasomi ni za haraka mno. Shukrani ina maana pale inapoelekezwa kwa vitu ambavyo upande wa pili nao ulipewa: afya, wenzake, muda wa kucheza, ujasiri wa kurudi uwanjani baada ya kuaibishwa. Inaharibika pale inapogeuka kuwa dai, yaani pale mchezaji anaposema kwamba alichaguliwa yeye na si yule aliyelala chini kando yake. Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani, na kipimo hicho kinafaa hata kwa ibada, maana shukrani isiyoweza kutamkwa usiku wa kipigo cha Michigan haikuwa shukrani ilipotamkwa Atlanta.

Linabaki dai lililosikika zaidi baada ya fainali, kwamba ubingwa ulikifuta kipigo cha Novemba. Desturi za Ohio State zenyewe zinalikanusha. Tangu mwaka 1934 kila mchezaji aliye katika timu inayoifunga Michigan hupewa kidani kidogo cha dhahabu chenye umbo la suruali, na chuoni hapo kuna wazee wanaokithamini kuliko medali yoyote. Jack Sawyer na wenzake waliojiunga mwaka 2021 walikutana na Michigan mara nne, wakashindwa mara nne, na waliondoka na pete za ubingwa wa nchi bila hata suruali moja. Anayefundisha kwamba mwisho mwema hulipia kila kilichotangulia ana kazi ya kueleza kwa nini desturi hiyo, inayotunzwa na watu waliousherehekea ubingwa ule kuliko mtu mwingine yeyote, haikubali pete badala ya ushindi ambao haukupatikana.