Alama, Dalili na Ushahidi

Katika lugha yetu yapo maneno matatu yanayokaa jirani hata mtu asiyeangalia huweza kuyadhani kuwa ni neno moja: alama, dalili na ushahidi. Dalili hutoka katika kitu chenyewe. Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na hapana mtu aliyeyatundika mawingu yale ili aonyeshe kwamba mvua inakuja. Alama huwekwa na mtu: mfugaji huchanja sikio la ng'ombe wake, na seremala hupiga mstari juu ya ubao kabla ya kuupasua. Ushahidi ni jambo la tatu. Shahidi ni yule aliyekuwapo, akaona, akasema, na kwa neno lake mtu aweza kufungwa au kuachiliwa. Swali la insha hii ni hili: je, alama iliyowekwa kwa mkono wa binadamu yaweza kupanda daraja ikawa ushahidi? Na kama yaweza, ni kwa masharti gani?

Swali hili ni la kale katika mambo ya sheria, lakini hapa tutalipima mahali ambapo wasomaji wa fasihi hawana desturi ya kupita, yaani katika maabara ya wale watafutao protini ndani ya seli kwa hadubini ya elektroni. Huko alama ni ndogo mno, na anayeiweka hana njia nyingine ya kukiona kile alichokitia alama. Kwa hiyo nguvu yake na udhaifu wake hujitokeza waziwazi.

Hadubini ya kawaida hutumia nuru, na kwa desturi nuru haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kwa chini ya nanomita kama 200. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwaka 1931, mjini Berlin, Ernst Ruska na Max Knoll waliunda chombo kilichotumia miali ya elektroni badala ya nuru, na mwaka 1986 Ruska alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake hiyo. Chombo hicho kiliifungua nyumba ya seli. Kuta na vyumba vikaonekana. Lakini wakazi wake hawakutambulikana. Protini za seli ni za maelfu ya aina, na mbele ya elektroni karibu zote hufanana, kwa kuwa zimejengwa hasa kwa kaboni, haidrojeni, oksijeni na naitrojeni, elementi nyepesi ambazo elektroni huzipita bila ya kuzijali sana. Ili mmoja ajulikane miongoni mwa wengi, ilibidi avikwe kitu kizito.

Mchukuzi wa kitu hicho ni kingamwili, yaani ile protini ambayo mwili huiunda ili imshike mgeni mmoja na kuwaacha wengine. Mwaka 1959 S. J. Singer aliunganisha kingamwili na feritini, protini inayohifadhi maelfu ya atomi za chuma, na chuma hicho kikaonekana. Mwaka 1971 W. P. Faulk na G. M. Taylor walitumia chembe za dhahabu badala yake. Chembe hizo, ambazo aghalabu huwa na kipenyo cha nanomita 5, 10 au 15, huonekana katika picha kama vitone vyeusi vya duara. Dhahabu, ambayo sokoni husifiwa kwa mng'ao, hapa hupendwa kwa uzito wake na huonekana nyeusi tii. Mtafiti akikiona kitone husema, “Protini niitafutayo ipo hapa.”

Je, kweli ipo hapo? Alichokiona mtafiti ni dhahabu tu. Dhahabu imeshikamana na kingamwili ya pili. Ya pili imeishika ya kwanza. Na ya kwanza ndiyo inayosemekana kuwa imeishika protini. Huu ni msururu wa wapokezi, na wanazuoni wa hadithi walitufunza zamani kwamba habari haipati nguvu kuliko mpokezi aliye dhaifu katika msururu wake. Tena kila kingamwili ina urefu wa nanomita kama 10, basi dhahabu yaweza kutua mbali na protini kwa nanomita kama 20. Utando wa seli una unene usiozidi nanomita 10 hivi. Yamkini, basi, protini ikawa upande huu wa ukuta, na alama yake ikawa upande wa pili, ikimtaja jirani asiye na habari.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Seli haiingii katika chombo hicho ikiwa hai. Kwa kawaida hukazwa kwa dawa kama glutaraldehaidi, hukaushwa maji, hugandishwa ndani ya plastiki, kisha hukatwa kwa kisu cha almasi vipande vyembamba vya nanomita chini ya 100. Dawa ikiwa kali, umbo la seli huhifadhika vizuri, lakini protini hubadilika hata kingamwili yake haiitambui tena. Dawa ikiwa hafifu, protini hutambulikana, lakini nyumba yake huporomoka. Mshika mawili moja humponyoka. Kiyoteru Tokuyasu alionyesha mwaka 1973 njia ya kuikaza seli kwa kiasi, kuilowesha katika maji ya sukari na kuikata ikiwa imegandishwa kwa baridi kali, na njia hiyo imepunguza hasara pande zote mbili. Imepunguza, haikuondoa. Kila picha ni mapatano baina ya kuona umbo na kutambua jina.

Yapo masimulizi mawili ya kweli yanayofaa kuwekwa pamoja. Katika miaka ya 1950 wachunguzi waliona ndani ya bakteria mikunjo ya utando, wakaiita mesosomu, wakaitungia kazi za kupumua na za kugawanyika. Katika miaka ya 1970, bakteria walipogandishwa kwa haraka pasipo dawa, mikunjo hiyo haikuonekana. Ilikuwa imezaliwa na dawa yenyewe. Kwa upande mwingine, mwaka 1898 Camillo Golgi, huko Italia, alitumia madini ya fedha akaona umbo kama wavu ndani ya seli za neva za bundi. Kwa zaidi ya nusu karne wako walioshikilia kwamba wavu ule ni uzushi wa rangi. Hadubini ya elektroni ilipotumika katika miaka ya 1950, kitu kile kilikutwa kipo, na hata leo chaitwa kwa jina lake. Basi aliyeamini kila alionalo alipotea katika habari ya kwanza, na aliyekanusha kila kilichotiwa rangi alipotea katika habari ya pili. Kuamini peke yake si elimu, wala kushuku peke yake si elimu.

Hapa yatupasa kutazama pia pale palipo pakavu, pasipo na kitone. Wahenga husema asiyekuwapo na lake halipo. Katika jambo hili methali hiyo yataka kutumiwa kwa hadhari, maana aliyekosa alama huenda yupo. Katika vipande vya plastiki kingamwili hufika juu juu tu, na protini nyingi zilizo ndani hazifikiwi. Msomi wa historia alijua hili kabla ya mtu wa maabara: wengi waliishi, wakalima, wakazaa, wakafa, na hapana daftari lililowataja. Ukimya wa daftari ni habari ya daftari kwanza, ndipo iwe habari ya watu.

Hivi karibuni imebuniwa njia ya kuifanya seli ijitilie alama yenyewe. Mwaka 2011 ilitolewa habari ya protini ndogo iitwayo miniSOG, na mwaka 2012 ya nyingine iitwayo APEX, iliyotokana na kimeng'enya cha mimea. Jeni yake huunganishwa na jeni ya protini inayotafutwa, hata protini huzaliwa ikiwa na alama yake; kisha mahali ilipo hutiwa weusi kwa kemikali na kwa osmiamu. Msururu wa wapokezi umefupishwa. Lakini swali limebadili mlango tu: protini iliyozaliwa na mzigo mgongoni, je, huenda mahali palepale ambapo ingekwenda bila ya mzigo?

Jibu langu ni kwamba alama yaweza kuwa ushahidi, kwa masharti manne. La kwanza, ihojiwe mahali ambapo jibu lajulikana: iwekwe katika seli iliyoondolewa jeni ya protini ile, na kama vitone vingali vipo, shahidi ni mwongo. La pili, kingamwili ya kwanza iachwe makusudi, ionekane kama dhahabu itatua bila ya kutumwa. La tatu, vitone vihesabiwe katika picha zote, vilivyo mahali pake na visivyo mahali pake. La nne, atafutwe shahidi mwingine wa njia nyingine, asiyejuana na wa kwanza.

Masharti matatu ni ya ufundi, lakini la tatu ni la uadilifu. Mwenye picha mia aweza kuchapisha moja iliyo nzuri, na msomaji asijue kamwe habari ya zile tisini na tisa. Hatakuwa amechora kitone hata kimoja kwa mkono wake, na hata hivyo atakuwa amesema uwongo. Wengine watajenga juu ya picha ile, na huenda mgonjwa akawa mwisho wa ujenzi huo. Dhahabu haina dhamira. Haiwezi kuapa wala kutubu. Kiapo kimo shingoni mwa aliyeiweka.

Ukiona vinaelea, vimeundwa. Picha ya seli nayo imeundwa, kama vile kamusi na historia zilivyoundwa, na hilo si aibu yake. Aibu ni kuificha seremala. Mwenye elimu aonyeshe alichokiona, na pamoja nacho aonyeshe jinsi alivyokifanya kionekane. Hapo ndipo alama yake itakapostahili kuitwa ushahidi.