Mungu wa Madoadoa

Andiko la somo: Mwanzo 30:25-43 na 31:1-13
Muhtasari wa mahubiri ya ibada ya Jumapili



Mji wetu unaitwa Maua, na akina mama wa kanisa hili wamelichukua hilo jina kwa bidii. Ukipita plotini na bomani utaona: mkebe wa rangi uliokwisha, jerikani iliyokatwa katikati, sufuria iliyotoboka, na ndani yake kuna mmea. Na siku hizi mmea unaopendwa sana si ule wa kijani kitupu. Ni ule wenye rangi mbili. Kroton yenye manjano na nyekundu. Mani planti yenye michirizi myeupe. Ile tunayoiita ulimi wa mama mkwe, majani marefu yamesimama kama panga, kingo zake za manjano. Kuna na kale kadogo kenye vidoa vya waridi, utadhani mtoto amekarushia rangi.

Nenda kwa wauza miche uulize bei. Wa kijani una bei yake, wa madoadoa bei iko juu. Mama anatoa pesa, anabeba mmea wake kwa boda boda ameukumbatia kama mtoto mchanga. Hakuna anayesema, "Huu umechafuka, ondoeni hayo madoa." Kwa mmea, doa ni uzuri. Sasa mbona kwa binadamu tunasema vingine? Hilo ndilo Bwana ameweka moyoni mwangu leo.

1. Labani aliwatenga, Mungu akawachagua

Yakobo alimtumikia Labani miaka mingi. Ulipofika wakati wa kudai mshahara, aliomba kitu cha ajabu. Hakutaka fedha. Aliomba wanyama wenye marakaraka na madoadoa, na kondoo weusi. Katika kundi la Labani hao walikuwa wachache. Yakobo akachukua walio wachache, kama wale wa kubakishwa.

Labani akasema sawa. Lakini siku ile ile, soma mwenyewe mstari wa 35 na 36, akawatoa wote wenye madoa, akawapa wanawe, akaweka mwendo wa siku tatu katikati yao na Yakobo. Mdomo umekubali, mkono unatenga. Unamjua Labani wewe? Anakusalimia vizuri kanisani, lakini akifika nyumbani anahesabu nani ni wetu na nani si wetu.

Halafu Yakobo akachukua fito za mlubna, mlozi na mwaramoni, akazibambua mistari myeupe, akaziweka mbele ya wanyama wakija kunywa maji. Wengi tunaishia hapo, tunafikiri fito ndizo zilizofanya kazi. Hapana. Fungua sura ya 31 mstari wa 10 hadi 12. Mungu alimwonyesha Yakobo ndotoni kwamba mabeberu waliokuwa wakipanda walikuwa wenye milia na madoadoa, na akamwambia ameyaona yote Labani aliyomtendea. Aliyezidisha ni Mungu! Labani alibadilisha mshahara mara kumi, na Mungu akabadilisha kundi zima. Lile lililotengwa mwendo wa siku tatu likawa ndiyo baraka ya nyumba.

Mwambie jirani yako: Mungu haogopi madoadoa.

2. Neno zuri lililotiwa damu

Wapendwa, hapa Kenya neno hili lina historia, na mimi sitalizunguka. Kuna watu waliotumia neno "madoadoa" wakimaanisha binadamu. Jirani wa kabila lingine anayeishi katikati yetu akaitwa doa, na doa likisemwa hivyo, kinachofuata ni kusema liondolewe.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tuliona mwisho wa maneno hayo. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tarehe 1 Januari 2008, kule Kiambaa karibu na Eldoret, watu walikimbilia kanisani. Lilikuwa kanisa la Kipentekoste, Kenya Assemblies of God. Wengi walikuwa akina mama na watoto. Kanisa likachomwa wakiwa ndani. Fikiri: watu wanaoimba kama sisi, wanaopiga makofi kama sisi.

Januari 2022 neno hilo lilisikika tena jukwaani, huko huko Eldoret, na nchi ikashtuka. Mwezi wa Aprili mwaka huo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikaliweka katika orodha ya maneno ya chuki. Mimi nauliza: tume ya serikali imelikemea, je, kanisa? Tumelikemea mezani petu? Tumelikemea kwenye gari, dereva akianza? Tumelikemea kwenye simu, au tunasambaza na kicheko juu?

Na usiseme, "Hayo ni ya Bonde la Ufa." Hapa kwetu je? Hatuna majina ya kuwaita watu wa ng'ambo ya mto? Mpaka wa shamba ukisumbua, hatusemi, "Hawa waliletwa na miraa, warudi walikotoka"? Gari la miraa likitoka Maua jioni limeguswa na mikono mingapi? Kuna mvunaji aliyepanda mti asubuhi, mfungaji aliyefunga kwa majani ya mgomba, dereva, mnunuzi wa Eastleigh. Si wote wanasema Kimeru. Pesa zao hatuzioni doa. Lakini kijana wao akija kuposa binti yetu, kijana ameokoka, anaomba, anafanya kazi, mzazi anauliza swali moja tu: "Ni wa wapi?" Huyo ni Labani anauliza.

3. Jani la rangi mbili linaishije?

Sikiliza vizuri hapa, hasa ninyi mnaopanda.

Sehemu ya kijani ya jani ndiyo jiko. Ndani yake mna kitu kinachoitwa klorofili, kinachochukua mwanga wa jua na kuupikia mmea chakula. Sehemu nyeupe haina hicho kitu, kwa hivyo haiwezi kujipikia. Inalishwa na kijani kilicho kando yake. Ndiyo maana mani planti ikitoa tawi jeupe lote, ukilikata ulipande peke yake, litakufa njaa. Haliwezi kujilisha. Likibaki kwenye shina linaishi.

Hiyo ni Warumi 15:1. Walio na nguvu wamepewa kazi ya kuubeba udhaifu wa wasio na nguvu. Na usijifanye wewe ni kijani kila mahali. Kila mmoja wetu ana mahali anapolisha na mahali anapolishwa. Mwaka huu una kazi, mwaka ujao uko wodini na ni kanisa linaleta uji. Ndiyo maana hakuna mkristo wa kujitegemea peke yake. Ukijikata, unajipunguzia siku.

Lakini kuna jambo lingine. Wakati mwingine mmea wa rangi mbili hutoa tawi la kijani kitupu. Tawi hilo lina jiko kubwa, kwa hivyo linakua haraka kuliko mengine. Mama asiyejua anafurahi, "Ona huu umenawiri!" Anayejua anachukua kisu mapema na kulikata shinani, kwa sababu akiliacha, litafunika yote, na siku moja ataamka akute ule uzuri alioununua umekwisha.

Kanisa nalo liko hivyo. Kikundi kimoja kikianza kukua peke yake, wazee wote wa ukoo mmoja, kwaya yote ya kijiji kimoja, matangazo yanatolewa kwa lugha ambayo mgeni haielewi, tunaweza kudhani tumenawiri. Yohana 15:1-2 inatuambia Baba ni mkulima na husafisha matawi ili yazae zaidi. Kisu chake hakitafuti kabila. Kinatafuta kiburi, hata kiwe kwa nani.

Na mwanga! Weka mmea wa rangi kwenye kona yenye giza, rangi zitafifia. Uweke karibu na dirisha, rangi zinarudi katika majani mapya. Chuki inapenda giza, inapenda mkutano wa usiku na minong'ono. Mtu akikuletea maneno ya kabila, mpeleke kwenye mwanga: "Haya, tumuite mwenyewe, useme akiwepo." Utaona yanavyonyauka.

4. Lakini pasta, kanisa si linatakiwa bila doa?

Swali zuri. Waefeso 5:27 inafundisha kwamba Kristo anajitayarishia kanisa lisilo na doa wala kunyanzi. Je, si hayo ndiyo kuondoa madoadoa?

Wakulima, nisaidieni. Ukiona muhogo wako majani yamejikunja na yana mabaka ya manjano, utafurahi kama kwa kroton? La! Hiyo ni batobato, virusi vinavyoenezwa na inzi weupe na vipande vya kupandia vilivyougua. Mwaka 2011 mahindi ya Bomet yalianza kuwa na michirizi ya manjano kabla ya kukauka shambani. Ulikuwa ule ugonjwa hatari wa mahindi uliosambaa baadaye. Kwa hivyo kuna doa la maumbile na kuna doa la ugonjwa. Mkulima mwenye akili hazichanganyi. Haing'oi kroton kwa hofu ya batobato, wala haiachi batobato kwa kudhani ni urembo.

Doa ambalo damu ya Yesu inaosha ni dhambi. Uongo ni doa. Uzinzi ni doa. Kumnyima mvunaji malipo yake ni doa. Chuki ni doa! Lakini kabila la mtu si dhambi. Lugha ya mama yake si dhambi. Rangi ya ngozi si dhambi, na ndugu zetu wenye ualbino wasikie hilo kutoka madhabahu hii. Hayo Mungu aliyatia mwenyewe. Shetani anataka tubadilishe: tuoshe alichoumba Mungu, tuache kilichopandwa na adui.

5. Gawa mzizi, usigawe jani

Ule ulimi wa mama mkwe wenye ukingo wa manjano ni mmea wa Afrika. Aina hiyo ilitoka Kongo ikatapakaa duniani. Una siri moja. Ukikata kipande cha jani ukipande, kitashika, kitatoa mche. Lakini mche huo utatoka bila ule ukingo wa manjano. Rangi imepotea! Ukitaka jirani yako apate mmea kama wako, lazima uung'oe, ugawe shina la chini lenye mizizi, umpe kipande pamoja na chipukizi lake. Kisha asiumwagilie kila siku, utaoza.

Wazazi, tumekuwa tukiwapa watoto jani. Nguo ya Jumapili, wimbo wa kukariri, "salimia watu wote." Wanapendeza. Halafu jioni mezani wanatusikia tukisema watu fulani ni wezi, watu fulani ni wachafu. Mtoto anaokota hayo, anakua nayo, na uchaguzi ukifika tunashangaa kijana wa kanisa ameshika jiwe. Amani ya hotuba ni jani. Mzizi ni yale unayosema mlango ukiwa umefungwa.

Wenzetu Wachagga wa Kilimanjaro wana mmea uitwao sale, wanaoupanda mipakani mwa mashamba. Ni huo huo mtu hubeba anapokwenda kuomba msamaha. Mpaka na msamaha, mmea mmoja! Nasi mipaka tunayo, je, kuna kinachomea pale kinachoweza kubebwa kwenda kwa jirani?

Mwisho

Siku ya Pentekoste Roho alishuka, na Matendo 2 inataja watu wa mataifa kumi na matano au zaidi, kila mmoja akisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Mungu angeweza kuwapa wote lugha moja. Hakufanya hivyo. Sisi tunaojiita Wapentekoste tulizaliwa siku ya lugha nyingi. Na Ufunuo 7:9 inaonyesha mwisho wake: mbele ya kiti cha enzi makabila yote yamesimama, na bado yanatambulikana. Kama hutaki kukaa nao hapa Maua, kule utakaa na nani?

Uchaguzi wa 2027 uko njiani. Watakuja na maneno. Tuamue leo, tukiwa tumetulia, kabla spika hazijawashwa.

Kazi ya wiki hii: Chagua mmea mmoja wa rangi nyumbani kwako. Ugawe vizuri, na mizizi yake. Mpelekee jirani asiye wa kabila lako, umwonyeshe namna ya kuutunza, na uketi unywe chai. Kama kuna neno mlikoseana, lizungumzeni hapo.

Kwa ushirika wa nyumbani:
1. Labani alikubali kwa mdomo akatenga kwa mkono. Sisi tunafanya hivyo wapi?
2. Ni doa gani la ugonjwa tumeliita urembo, na ni urembo gani tumeuita doa?
3. Watoto wetu wanasikia nini mezani?

Tuombe: Baba, umetuumba kwa rangi zako. Tusamehe pale tulipomwita mwenzetu doa. Osha dhambi zetu, ulinde jirani zetu, na midomo yetu isiwe kiberiti. Ponya nyumba zote zilizopoteza watu wao kwa ajili ya chuki. Ifanye Maua iwe kweli maua mbele zako. Katika jina la Yesu, Amina.