Taa Zinazoelea

Alfajiri mtaani Obunga, Kisumu, harufu ya mgongo wazi ndiyo inayowaamsha majirani. Mama mkaangaji anageuza mifupa ya mbuta ndani ya karai. Minofu imebaki kiwandani, ikingoja kusafirishwa ng'ambo.

Lakini mgeni wa mji huu anayetaka kuzuru mnara wa taa wenye mandhari ya kuvutia ataelekezwa mbali, hadi Kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar. Mnara huo ulijengwa mwaka 1904, na jirani yake upo msikiti mdogo. Ngazi zake zaidi ya 100 zinamtoa mtu jasho, ila juu kule matumbawe yanaonekana chini ya maji.

Kisumu nayo ina taa zake, na hazisimami mahali pamoja.

Usiku wa giza, wavuvi wa omena huwasha taa ziwani. Dagaa hao hufuata mwanga, wavu ukawazoa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za betri au sola. Ukiwa ufukoni utadhani kuna mji mwingine majini, tena usio na kiingilio.

Mbalamwezi ikitanda, taa huzimwa, na omena huadimika sokoni.