Nuru Hufika Kabla ya Dhoruba

Somo: Ezekieli 33:1–9

Mlinzi wa Ezekieli alikuwa na kazi moja: akiona hatari inakuja, apige tarumbeta. Leo kuna walinzi wa jua. Huko Boulder, Marekani, wako kazini usiku na mchana, wakilitazama jua kwa setilaiti.

Jua likilipuka, mwanga wa mlipuko hutufikia kwa dakika 8 hivi. Mara nyingine mlipuko huo huandamana na wingu kubwa la chembe zenye umeme na sumaku, na hilo huchukua siku 1 hadi 3. Nuru kwanza, dhoruba baadaye. Wingu likizipita setilaiti zilizowekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, huwa imebaki saa moja au chini ya hapo.

Machi 13, 1989, dhoruba kama hiyo ilizima stima Quebec, Kanada, kwa dakika moja na nusu hivi. Watu milioni 6 wakakaa gizani kwa muda wa saa 9. Baadaye mitambo iliongezewa kinga. Mei 2024 ilikuja dhoruba ya daraja la juu kabisa, G5. Onyo lilitangulia, kampuni za umeme zikajiandaa. GPS za matrekta Marekani zilivurugika, lakini hakukuwa na giza kama la Quebec.

Tazama, mlinzi hazuii jua. Anachokupa ni muda. Na muda si msamaha, ni nafasi ya kujiandaa.

Mpendwa, daktari amekuambia sukari imepanda. Benki imekuandikia mara mbili. Mke wako aliyekuwa analalamika sasa amenyamaza. Hiyo ndiyo nuru imefika! Wewe unasema, "Mbona bado niko sawa?" Kumbe wingu liko njiani. Biashara haifi siku dalali anabisha mlango. Ilianza kufa siku zile barua zilikuwa zinafichwa kwenye droo.

Na wewe mzazi, wewe mzee wa kanisa, umeona na umenyamaza? Ezekieli anasema damu yao itatakwa mkononi mwako. Piga tarumbeta, hata wakikasirika.

Wiki hii fungua barua moja. Rudi kliniki. Keti na mke wako, umsikilize.

Tuombe: Bwana, asante kwa onyo. Tupe miguu ya kuinuka mapema. Amina.